Mbwa Aliyeangusha Tangi la Taifa

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walipofika kuipima, kila kijiji kiliwaambia kwamba mpaka hauko kwake bali uko kwa jirani, na jirani naye akawaelekeza mbele, mpaka wakajikuta baharini. Wakarudi kwao. Lakini nchi ilikuwepo, ina wimbo wa taifa na mawaziri arobaini na mmoja, na katika mji wake mkuu, mtaa wa Mitungi Juu, aliishi karani mmoja jina lake Nasibu Kilindo.

Nasibu alikuwa mtu wa wasiwasi. Hata akiketi, goti lake la kulia halikutulia. Lilicheza chini ya meza mpaka vikombe vikagongana, na mkewe, Sikudhani, alikwisha kuzoea kunywa chai iliyomwagika nusu. Hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa na hofu moja tu, nayo ni kuulizwa "Nani?" Akisikia neno hilo, hata kama ni mtu anaitikia hodi, jasho lilimtoka kwapani.

Bahati nzuri, nyumbani kwake alikuwako Chapati.

Chapati alikuwa mbwa wa rangi ya unga uliokaangwa, mwenye madoa meusi mgongoni kama aliyesahauliwa jikoni, sikio moja limesimama na jingine limelala. Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumsingizia. Mama yake Nasibu, Bi Farashuu, akipumua vibaya mbele ya wageni, alimtazama mbwa kwa huruma na kusema, "Chapati, baba, umekula nini leo?" Daftari la hesabu la Mize, binti yao wa miaka tisa, lilikuwa limeliwa na Chapati mara saba katika muhula mmoja, ingawa Chapati hakupenda karatasi. Sikudhani akiunguza wali, ni kwa sababu Chapati alimzungukazunguka miguuni. Na Nasibu akichelewa kazini, Chapati alikuwa ameficha kiatu.

Mbwa alikubali yote. Akisikia ametajwa kwa sauti ya lawama, aliinuka kwenye gunia lake, akaja katikati ya chumba, akainamisha kichwa, akapiga mkia sakafuni na kungoja aambiwe, "Toka hapa!" Alitoka. Baada ya muda kidogo alirudi, hana kinyongo, akawalamba vidole mmoja mmoja kama anayewasamehe. Kwa miaka sita hapakuwa na ugomvi katika nyumba ile. Majirani waliionea wivu.

*

Nasibu alifanya kazi Wizara ya Maji na Sherehe. Zamani zilikuwa wizara mbili, lakini kwa kuwa kila bomba lilizinduliwa kwa ngoma, na mara nyingi ngoma ilifika na bomba halikufika, serikali iliona ni busara kuziunganisha. Kazi ya Nasibu ilikuwa kugonga mihuri. Alikuwa nayo mitatu: IMEPOKELEWA, IMEKAGULIWA, na HAITUHUSU. Wa tatu ndio uliochakaa kuliko yote.

Mwaka huo wizara ilijenga Tangi la Heshima ya Taifa, lenye miguu minne mirefu, juu ya kilima kinachotazama mtaa wa wafinyanzi, Mitungi Chini. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mafunda Tindwa, alilizindua kwa hotuba nne. Ya kwanza aliwahutubia wananchi, ya pili wageni, ya tatu wanahabari, na ya nne alilihutubia tangi lenyewe.

"Wewe tangi," alisema, huku amelinyooshea kidole, "usituangushe!"

Watu walipiga makofi. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tangi likaanguka.

Miguu yake ilijikunja taratibu, kama ya mtu aliyeambiwa habari mbaya, na maji yote yakashuka Mitungi Chini. Yalibeba tanuri, yakabeba vyungu na mitungi ya msimu mzima, yakasukuma ukuta wa karakana ya mfinyanzi mmoja, Bi Mwanakheri binti Sufiani, ukamwangukia na kumvunja mguu mahali pawili. Hakufa mtu. Redio ya taifa ilitangaza jambo hilo kuwa ni mafanikio ya Mheshimiwa Waziri.

Kesho yake mkutano wa dharura uliitishwa. Meza ilikuwa ya duara, ili pasiwe na mtu aliyekaa mbele.

"Ndugu zangu," alisema Waziri Tindwa, "mimi niliambiwa na Mkurugenzi kwamba tangi ni imara."

"Nami niliambiwa na Mhandisi," alisema Mkurugenzi.

"Nami niliambiwa na ripoti ya ukaguzi," alisema Mhandisi.

Wote wakaegemea viti vyao kwa raha. Ripoti haina mke wala watoto, haina mjomba bungeni. Ni kitu kizuri sana cha kulaumiwa. Lakini Waziri alikuwa mzoefu.

"Ripoti iko wapi? Nani anayo?"

Macho yote yakageukia mlangoni, alikosimama Nasibu na mihuri yake.

Ripoti ilikuwa kwenye droo yake. Alijua hivyo, na goti lake lilijua. Wiki mbili zilizopita, Ijumaa, saa moja kabla ya chakula cha mchana, tarishi wa Mkurugenzi alikuja na karatasi zile akasema, "Gonga tu, bwana, vikundi vya ngoma vimeshaitwa." Nasibu akagonga IMEKAGULIWA. Hakwenda kilimani. Hakufungua hata ukurasa wa pili, ambao, kama angeufungua, angeukuta hauna kitu.

"Nani, Kilindo?" Waziri alirudia.

Nasibu akafungua kinywa ili aseme ukweli, au angalau karibu na ukweli. Lakini kinywa cha mtu kina mazoea yake.

"Mbwa, Mheshimiwa."

"Mbwa?"

"Mbwa wangu. Chapati. Niliipeleka ripoti nyumbani nikaisome vizuri, akaichana."

Kalamu zote zilisimama. Nasibu aliona mbele yake jela, kisha kaburi la mtu aliyefukuzwa kazi. Waziri Tindwa aliinuka polepole, akalizunguka duara lote la meza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kijana," alisema, na sauti ikamtetemeka, "huyo mbwa ana ndugu serikalini?"

"Hana, Mheshimiwa."

"Kabila lake?"

"Ni mbwa tu, Mheshimiwa. Tulimwokota sokoni."

"Chama?"

"Hana."

Waziri aliwageukia wenzake, uso unang'aa. "Mbwa aliyechana ripoti," alisema, "atashindwa kuchimba msingi wa tangi?"

Mhandisi akafikiri kidogo. "Kitaalamu," alisema, "mbwa huchimba."

*

Gari lilikuja adhuhuri hiyohiyo, askari wanne na ofisa mmoja mwenye faili. Chapati aliwapokea getini kwa furaha kubwa. Ofisa alimsomea haki zake: kwamba anaruhusiwa kunyamaza, na kwamba akinyamaza itachukuliwa amekubali. Chapati akanyamaza. Walimchovya mguu wa mbele kwenye wino, wakaugandamiza chini ya maelezo ya kurasa kumi na moja, naye, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kutoa mkono, akawapa na mguu wa pili.

"Mtuhumiwa anatoa ushirikiano mkubwa," ofisa aliandika.

"Baba, wanampeleka wapi?" Mize aliuliza.

"Watamuuliza maswali kidogo, mwanangu. Kesho atarudi."

"Kafanya nini?"

Nasibu akaangalia kiatu chake. "Kazi za serikali," alisema.

Mlango wa gari ulipofunguliwa, Chapati aliruka ndani mwenyewe na kukaa kwenye kiti cha dirishani.

Kesho hakurudi. Wiki hiyo redio haikuwa na habari nyingine. Msemaji wa serikali alieleza kwamba mbwa Chapati Kilindo, mwenye umri wa miaka sita, alichimba msingi wa Tangi la Heshima kwa siku tisini mfululizo akitumia kucha zake. Jumatano ikagundulika kwamba ndiye aliyesababisha umeme kukatika mkoa wa kusini. Alhamisi ilibainika kwamba dawa za zahanati hazikuisha, bali zilinuswa. Mwalimu mkuu mmoja, ambaye shule yake ilikuwa imefelisha darasa zima, aliomba kwa barua ya heshima kama mbwa anaweza kutajwa na kwake pia. Wizara ikajibu kwamba nafasi zimejaa, lakini ombi lake litafikiriwa robo ya pili ya mwaka.

Picha za Chapati zilikuwa katika kila gazeti, ulimi nje, anatabasamu. "Hajutii," vichwa vya habari vilisema.

Nasibu naye alipandishwa cheo. Alipewa ofisi yenye dirisha na kiti cha kiofisi chenye magurudumu, na kwa sababu goti lake lilicheza, kiti kilisafiri; kila baada ya robo saa alijikuta ukutani, akarudi mezani, akasafiri tena. Wakubwa waliopita mlangoni walimsalimu kwa jina la baba yake. Hakuweza kula. Alifungua droo, akaitazama ripoti, akafunga. Akafungua tena, kama kwamba mara hii labda mbwa ameichana kweli.

Nyumbani mambo yakaharibika. Jioni ya kwanza bakuli lilianguka jikoni. Watu watatu wakasema "Chapati!" kwa pamoja, kisha wote wakaligeukia lile gunia tupu.

"Nani kavunja bakuli langu?" aliuliza Sikudhani.

Mize aliinama kuokota vipande.

"Nauliza, nani?"

"Usinitazame mimi," Bi Farashuu alisema. "Mimi nimekaa hapa tangu alasiri."

"Mama, bakuli limevunjika miguuni pako."

"Basi ndiyo niambiwe mwizi katika nyumba ya mwanangu!"

Hapo ndipo miaka sita ya amani ilipodai chake. Ilijulikana kwamba wali hauunguzwi na mbwa. Ilijulikana kwamba Bi Farashuu ana matatizo ya tumbo na hataki kwenda zahanati. Mize aliambiwa alete daftari la hesabu, na halikuwepo, na hapakuwa na tumbo la kulilaumu. Kila mtu aligundua kwamba anaishi na watu wenye makosa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelizoea. Walikula kila mmoja na sahani yake, na baada ya siku nne waliacha hata kusalimiana asubuhi.

Siku ya tano Mize alimsogelea baba yake, aliyekuwa anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kutoka mlangoni hadi dirishani.

"Baba, Chapati alikuwa amelala hapa siku zote tisini. Mimi nilikuwa naye. Wewe pia ulikuwa naye."

"Najua, mwanangu."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Nasibu akashika kitasa cha mlango, akakiachia. "Ni mambo ya wakubwa," alisema.

Mize hakusema naye tena.

*

Siku iliyofuata Nasibu aliomba ruhusa kazini akaenda kumtazama mbwa. Walikuwa wamemweka katika Gereza Kuu, chumba namba moja, kwa sababu ya uzito wa makosa. Kwenye benchi la wageni alikuta mwanamke mnene wa makamo, mguu mmoja umefungwa plasta mpaka pajani, magongo mawili pembeni, viganja vyake vina mipasuko ya mtu aliyefanya kazi na udongo maisha yake yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawe umekuja kwa mbwa?"

"Ndiyo."

"Nami pia. Ndiye aliyenivunja mguu," alisema mwanamke. "Ndivyo walivyoniandikia. Nikasema nije nimtazame usoni. Mtu akikuvunja mguu lazima umjue."

Nasibu akahisi benchi zima linatetemeka, akalikamata goti lake kwa mikono miwili.

Askari alimleta Chapati kwa mnyororo uliotengenezewa majambazi. Mbwa alipomwona bwana wake alilia kwa furaha, akamrukia, akambwaga nusu kwenye ukuta. Hakuwa na swali lolote. Hakumwuliza ulikuwa wapi siku zote hizi. Alipokwisha kumsalimu, akamgeukia Bi Mwanakheri, akanusa plasta kutoka juu hadi chini, kwa makini, kama daktari mzuri, kisha akalaza kidevu chake juu yake na kufumba macho.

Bi Mwanakheri alimshika sikio lile lililolala.

"Huyu," alisema mwishowe, "hajaangusha hata kikombe."

"Hapana, mama."

"Nilikuja nimtukane. Nimepanga matusi njia nzima." Akapangusa uso kwa upande wa khanga. "Tanuri langu lilijengwa na marehemu mume wangu kwa mikono yake. Kila mahali nilipokwenda kuuliza, nilipewa fomu. Sitaki fomu. Nataka mtu mmoja tu, mmoja, anitazame machoni aniambie, 'Bi Mwanakheri, nilikosea.' Basi. Nikimpata huyo naweza kwenda kulala. Sasa nani ataniambia? Huyu, hata angetaka, hana maneno."

Nasibu alitaka kusimama akimbie, lakini mbwa alikuwa amemkanyagia kiatu.

"Na wewe ni nani wake?" aliuliza Bi Mwanakheri.

"Mwenye mbwa."

"Ah. Basi pole, mwanangu. Ijumaa watampiga risasi."

Hapo ndipo Nasibu aliposikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

*

Kesi ilisikilizwa Ijumaa asubuhi katika uwanja wa mpira, kwa kuwa Wizara ya Maji na Sherehe iliona ni fursa. Bendi ya polisi ilipiga. Viongozi walikaa jukwaani chini ya turubai, wafinyanzi wa Mitungi Chini wakasimama juani. Jaji Mkuu, mzee mwembamba aliyeitwa Jaji Sebarua, alikuwa amevaa joho jipya, na hukumu iliyopigwa chapa tangu Jumanne ilikuwa mbele yake.

Chapati alipandishwa kizimbani. Kilikuwa kirefu mno kwake, yakaonekana manyoya ya mgongo tu, wakamwekea kreti la soda. Alipotokeza kichwa na kuona watu elfu ishirini wote wanamtazama yeye, mkia ulianza kupiga mbao za kizimba: ko, ko, ko.

"Mtuhumiwa anaombwa asiingilie mahakama," alisema Jaji.

Mwendesha mashtaka alisoma mashtaka mia moja na kumi na nne. Shahidi wa kwanza, Mhandisi, alionyesha mchoro wa mbwa na mchoro wa shimo, akaiweka pamoja ili watu waone inavyofanana. Shahidi wa pili alikuwa Waziri Tindwa. Alipangusa machozi.

"Sisi tulilipatia taifa tangi," alisema. "Mbwa huyu akalinyang'anya. Mimi binafsi sijalala. Nauliza, na naomba historia iniandike nikiuliza: mbwa wa namna gani anafanya hivi?"

"Wa rangi ya chapati, Mheshimiwa," mwandishi wa mahakama alisaidia.

"Mtuhumiwa," alisema Jaji Sebarua, "kabla sijasoma hukumu, una la kusema?"

Sauti ilikuwa ya lawama, na Chapati aliijua sauti ya lawama. Akafanya alichofanya siku zote. Alishuka kwenye kreti, akainamisha kichwa, akapiga mkia mara chache, akangoja aambiwe atoke nje ili baada ya muda kidogo arudi.

"Iandikwe kwamba amekiri," alisema Jaji, akavaa miwani. Nyuma ya goli la kaskazini askari sita walianza kusafisha bunduki zao.

Nasibu alikuwa kiti cha tatu jukwaani, pamoja na wakubwa. Ripoti ilikuwa ndani ya shati lake. Aliichukua asubuhi bila kujua anaichukulia nini. Alimwona Mize chini, amekaa mabegani kwa mama yake, mikono masikioni ili asisikie. Alimwona Bi Mwanakheri amesimama juani kwa magongo. Goti lake lilikuwa linacheza kiasi kwamba Mkurugenzi alimwekea mkono, "Tulia, bwana." Nasibu akainuka ili alitulize, na alipokwisha kuinuka akakuta amesimama, na uwanja mzima unamtazama.

"Ni mimi," alisema.

Bendi ilifikiri ni ishara, ikaanza kupiga. Ikanyamazishwa.

"Umesemaje?" aliuliza Jaji.

"Ni mimi niliyegonga muhuri. Ripoti hii hapa, haikuchanwa na mtu. Nilisema imekaguliwa na sikukagua. Sikwenda kilimani. Mbwa alikuwa amelala nyumbani."

Jaji Sebarua alivua miwani. Alikuwa amekaa mahakamani miaka thelathini na nne na hakuwahi kusikia maneno hayo kwa mpangilio huo. Akamwinamia mwandishi, wakanong'ona, wakafungua kabati la fomu lililoletwa kwa gari. Iliyokuwamo ni Fomu ya Kukana, nakala tatu. Fomu ya Kukana kwa Niaba ya Mwingine. Na Fomu ya Kukumbuka Vinginevyo. Ya kukiri haikuwahi kuchapishwa. Mahakama iliahirishwa kwa dakika arobaini ili ichorwe kwa rula.

Katika dakika hizo jukwaa lilibadilika sura. Mkurugenzi alihamia kiti cha nyuma, Mhandisi akahamia nyuma ya Mkurugenzi, na kila aliyekuwa karibu na Nasibu akasogea mpaka akabaki peke yake katikati ya viti kumi na sita vitupu. Waziri Tindwa alimjia kwa haraka, akitabasamu kwa ajili ya kamera.

"Umechanganyikiwa, kijana?" alinong'ona huku ameuma meno. "Ukisema ni wewe, watauliza nani alikuletea! Kisha watauliza nani alimtuma huyo! Unajua hiyo ngazi inapanda mpaka wapi?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Sema ni mbwa. Useme ulikuwa unatania. Nitakupa ubalozi, nchi yenye baridi nzuri!"

Nasibu hakuwa anamtazama tena, kwa sababu Bi Mwanakheri alikuwa anapanda ngazi za jukwaa. Zilikuwa ngazi kumi na mbili, na kwa magongo zilimchukua muda. Hakuna askari aliyemzuia. Kila mmoja alimtazama mwenzake aone nani atatoa amri. Alipofika juu, amelowa jasho, alisimama mbele ya karani.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Bi Mwanakheri, nilikosea."

Walitazamana. Sauti ya Nasibu haikuwa kubwa, lakini kipaza sauti cha jukwaani kilikuwa hakijazimwa, na watu elfu ishirini waliisikia. Bi Mwanakheri alimtazama muda mrefu, kama anayekagua chungu kama kina ufa. Kisha akamzaba kofi moja, safi, la mkono wa mfinyanzi.

"Asante," alisema. Akageuka, akaanza kushuka ngazi zake kumi na mbili.

Ndipo kutoka chini, penye wafinyanzi, sauti ikatokea: "Na aliyeleta karatasi ni nani?" Na nyingine: "Na saruji ilikwenda wapi?" Na nyingine. Fomu ilipokuwa tayari, rula bado mkononi mwa mwandishi, jukwaa la viongozi lilikuwa limebaki na turubai tu. Waliondoka kwa mlango wa wachezaji.

*

Nasibu alipewa miezi kumi na minne. Alikuwa mtu wa kwanza katika nchi ile kufungwa kwa kosa alilolifanya, na gereza halikuwa na utaratibu wa watu wa namna hiyo. Askari walimwita "Bwana" bila kujua kwa nini. Kifungo chenyewe kilikuwa cha kazi. Alibeba matofali Mitungi Chini, kujenga upya kilichobomolewa na muhuri wake. Bi Mwanakheri alisimamia kwa gongo, na kila ukuta ulipokauka alimwamuru ausukume kwa bega. Akiusukuma, alisema, "Tena." Wakati mwingine ukuta ulianguka, wakauanza upya. Usiku, Nasibu alilala kama mtoto, goti limenyooka.

Waziri Tindwa hakushtakiwa. Alihamishiwa Wizara ya Maadili. Tume iliyoundwa kutafuta nani alimtuma tarishi ilikutana mara tisa, mara ya tisa ikiwa ni kutafuta nani aliiunda.

Chapati aliachiwa kwa kukosekana mstari wa kumwandika kwenye fomu mpya. Alirudi nyumbani kwa gari lilelile, kiti kilekile cha dirishani, mnene kidogo, maana askari walikuwa wanampa mabaki. Wakati wa chakula cha mchana Mize alimpitisha Mitungi Chini, naye alilala kwenye mchanga karibu na Nasibu na kumtazama akifanya kazi.

Mwezi wa tatu wa kifungo, siku moja mchana, ofisa yule mwenye faili alipiga hodi kwa Sikudhani. Alivua kofia.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Mitihani ya taifa imepotea yote, nchi nzima. Wakubwa wanauliza kama tunaweza kumwazima mbwa. Wiki moja tu. Tutamrudisha."

"Mbwa hayupo," alisema Sikudhani. "Yuko Mitungi Chini kwa mume wangu, na akirudi simtoi."

"Hata siku mbili?"

"Hata nusu siku, baba."

Ofisa alimtazama Bi Farashuu, aliyekaa barazani akichambua mchele, kana kwamba anapima kitu. Bi Farashuu akainua ungo.

"Na mimi sina nafasi," alisema. "Nina yangu ya kutosha."

Ofisa alirudi garini, akafungua faili magotini. Fomu ilikuwa imejazwa vizuri yote, tarehe, kosa, hasara, sahihi, isipokuwa mstari mmoja wa juu, wa jina la mkosaji. Dereva aliwasha injini.

"Tunaelekea wapi, afande?"

Ofisa alitazama kushoto, akatazama kulia. Mtaa ulikuwa mtupu. Mageti yote yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na nyuma ya kila geti mtu alikuwa anamwingiza mbwa wake ndani.

"Zunguka," alisema. "Wewe zunguka tu."